UZI: Seoi nage, mtupo wa bega. Mkono wa kushoto, miguu, na kinachoumiza kiwiko

Mshika Ukosi

Wakuu, salaam. Nafungua uzi huu kwa ajili ya seoi nage peke yake. Wanaoanza judo wanaupenda sana mtupo huu, na wanaukosea sana, kwa sababu jina lake linawapeleka kusiko. Wakisikia "bega" wanafikiri ni kubeba. Wanamgeuzia mwenzao mgongo, wanainama kama mtu anayejitwika gunia la mkaa, kisha wanavuta mpaka mishipa ya shingo inatoka. Kodokan, shule aliyoianzisha Jigoro Kano mwaka 1882, inaiweka seoi nage katika te-waza, yaani mbinu za mikono. Hapo ndipo pa kuanzia. Mkono wa kushoto ndio unaomtupa mtu. Bega ni mahali anapopitia tu.

Anayetupa nitamwita tori, anayetupwa nitamwita mpokeaji. Maelezo ni ya upande wa kulia, mwenye shoto ageuze kila kitu. Naanza na ippon seoi nage, ile ya kukumbatia mkono mmoja.

Mkono wako wa kushoto unakamata mkono wa kulia wa koti la mpokeaji, kwa nje, chini kidogo ya kiwiko. Usikamate karibu na kifundo, maana atakunja kiwiko na wewe utabaki unavuta kitambaa kitupu. Vidole vitatu vya mwisho ndivyo vinavyobana, cha shahada na gumba vinasaidia. Mguu unapoanza kuondoka, mkono huo unapanda mbele hadi usawa wa macho yako, kifundo kikigeuka kana kwamba unatazama saa uliyovaa. Kiwiko chako nacho kinapanda, hakibaki ubavuni. Ukifanya sawa, kwapa la mpokeaji linafunguka na visigino vyake vinakuwa vyepesi. Hiyo ndiyo kuzushi, kumtoa mtu kwenye mizani yake.

Mguu wa kulia unatua mbele ya vidole vya mguu wake wa kulia, umbali wa kiganja kimoja hivi, vidole vyako vikiwa vimeshaanza kuelekea kushoto. Unazunguka juu ya sehemu ya mbele ya wayo, kisigino hakigusi chini. Mguu wa kushoto unapita nyuma yako na kutua mbele ya mguu wake wa kushoto. Sasa mmetazama upande mmoja. Miguu yako iwe ndani ya miguu yake, upana wa mabega yako au pungufu kidogo, magoti yamekunjwa kiasi kwamba mkanda wako uko chini ya mkanda wake.

Wakati unazunguka, mkono wa kulia unapenya chini ya kwapa lake kutoka chini kwenda juu, na mkono wake unakwama kwenye mkunjo wa kiwiko chako, juu kabisa karibu na bega lake. Ngumi yako inatazama juu. Mgongo wako wote unagusa kifua chake, pasiwe na nafasi hata ya kupitisha daftari.

Kumalizia: nyoosha magoti, mkono wa kushoto uendelee na njia yake kuelekea nyonga yako ya kushoto, uso utazame kushoto, bega la kulia lielekee goti la kushoto. Anapotua, usiachie ule mkono wa koti. Uvute juu kidogo ili atue kwa upande na kichwa kisigonge chini.

---

Kilo 66

Mkuu umeeleza vizuri. Naongeza kwenye kuzushi, kwa sababu hapo ndipo watu wanapodanganyika. Katika uchikomi, yale mazoezi ya kuingia na kutoka bila kutupa, mpokeaji husimama kama nguzo na tori huingia vizuri. Ukitazama kwa mbali unaona safi. Halafu kwenye randori, watu wanapopambana kwa uhuru, haiingii hata moja. Tazama mkono wa kushoto: unapanda vizuri mwanzoni, lakini mwili unapoanza kuzunguka, mkono unasimama. Mwili unauacha nyuma. Tori anapofika kugeuza mgongo, mpokeaji amesharudi kwenye visigino.

Kuna jaribio la bei rahisi. Chukua vipande viwili vya karatasi, viweke chini ya visigino vya mpokeaji. Mtu wa tatu apige magoti nyuma yake, ashike karatasi hizo na azivute taratibu wakati tori anaingia. Zikitoka bila kuchanika, kuzushi ipo. Zikikwama, hakuna kuzushi, hata kama umbo la tori linapendeza. Fanyeni mara tano tano, tori asiambiwe lini karatasi zimewekwa.

---

Mkanda Kahawia

Naomba tuguse na morote seoi nage, ya mikono miwili. Vijana wengi wanalalamikia kiwiko cha kulia upande wa ndani, hasa wiki za mwanzo. Wengine wanafungwa bandeji na kuendelea. Naomba wenye ujuzi waeleze chanzo chake, maana kusema "kiwiko chako dhaifu" hakumsaidii mtu.

---

Bi Tatami

Mkanda Kahawia, chanzo kiko kwenye kiwiko kisichofika.

Katika morote, mkono wa kulia hauachii ukosi wa koti. Unashika ukosi wa kushoto wa mpokeaji, usawa wa mtulinga au chini yake kidogo, kisha kiwiko kinakunjwa na kupelekwa chini ya kwapa lake la kulia. Kikifika pale, mkono wako unakuwa kama kabari iliyosimama: kiwiko chini, ngumi juu, karibu na sikio lako, kama mtu anayepokea simu. Uzito wake unakaa juu ya kabari na mfupa unaubeba.

Kisipofika, kinabaki juu ya kifua chake. Mkono wako kuanzia kiwiko hadi ngumi umelala, umebanwa kati ya miili miwili. Wewe unaendelea kuzunguka, bega linatangulia, ngumi imebaki nyuma imeshika ukosi. Kiungo kinapindwa kuelekea upande ambao hakikuumbiwa, na kano ya ndani ya kiwiko ndiyo inayovutwa. Mara moja haitaonekana. Mara mia mbili kwa wiki, itaonekana.

Yanayokizuia kiwiko kufika ni haya ninayoyaona mara nyingi. Kwanza, ukosi umeshikwa juu mno, nyuma ya shingo, na koti limekazwa. Hakuna kitambaa cha kuchezea. Shika chini zaidi, acha koti lipwaye kidogo. Pili, kifundo cha mkono kimepinda kurudi nyuma. Kinatakiwa kinyooke na ngumi, vinginevyo maumivu yanahamia hapo. Tatu, tori hakushusha nyonga, kwa hiyo kwapa la mpokeaji liko juu ya uwezo wa kiwiko, naye anajaribu kulifikia kwa kusukuma. Nne ni ile aliyosema Kilo 66: mkono wa kushoto haukufungua kwapa.

Mwenye maumivu aache morote mpaka yaishe, afanye ippon seoi nage, ambako mkono wa kulia uko huru. Akirudi, aanze polepole bila kutupa, mwenzake akiinua mkono wake wa kulia makusudi ili kwapa liwe wazi. Bandeji haimsaidii mtu anayerudia kosa lilelile. Kiwiko kikivimba, au kikashindwa kunyooka, aende kupimwa, asisubiri wiki ipite.

---

Nyonga Chini

Asante dada kwa hilo la nne. Mimi naongelea magoti na mgongo.

Kuna watu wanakunja kiuno wakidhani wamekunja magoti. Makalio yanatoka nyuma, yanamsukuma mpokeaji mbali, na kati ya mgongo wa tori na kifua cha mpokeaji panafunguka pengo. Kuanzia hapo anamvuta mtu mzima kwa misuli ya mgongo wa chini. Mgongo unatakiwa uwe wima unapofika chini yake, kama mwanamke anayechuchumaa kujitwika ndoo ya maji: ndoo inapanda kwa mapaja, kichwa hakiinami. Kuinama kunakuja mwisho, baada ya miguu yake kuachana na ardhi.

Halafu uzito wako uwe mbele ya wayo. Ukiegemea visigino, mpokeaji anakuvuta nyuma kwa tani otoshi, au anakunyanyua kwa ura nage, au anakaa mgongoni mwako na kukukaba kwa ukosi wako mwenyewe.

Na msiingie kwa nyonga kupita pembeni yake kama mnafanya o goshi, mtupo wa nyonga. Katika seoi nage makalio yanakaa mbele ya mapaja yake, katikati. Ukipitiliza kulia anateleza ubavuni mwako. Usipofika katikati anazunguka mbele yako kwa hatua moja na kusimama.

---

Kilo 66

Hilo la kuzunguka ndilo kubwa kwa anayepambana na mtu mwerevu. Dawa yake ni ule mkono wa kushoto tena: ukimvuta pembeni badala ya mbele, wewe mwenyewe umempa njia ya kuzunguka.

---

Mkanda Kahawia

Na idadi je? Kuna makocha wanaagiza uchikomi 300 kwa siku kwa anayeanza.

---

Mshika Ukosi

300 za mtu aliyechoka ni 300 za kufundisha mwili makosa. Kwa anayeanza mimi nasema seti 5 za 10, taratibu, kila mara ya 10 unamtupa. Kati ya seti mnabadilishana, hiyo ndiyo mapumziko. Ukiona mkono wa kushoto umeanza kushuka, seti imeisha hata kama ni mara ya sita tu. Baada ya miezi miwili mitatu ndipo unaongeza mwendo.

Na tusiishie kwenye kusimama mahali pamoja. Seoi nage inaishi kwenye mwendo. Mpokeaji anapiga hatua mbele kwa mguu wa kulia, na wewe unaingia wakati mguu huo unakaribia kubeba uzito. Ukichelewa mpaka ametulia, umeshika nguzo. Katika Nage no Kata, onyesho rasmi la mitupo kwa mpangilio maalumu, seoi nage inaonyeshwa kwa mpokeaji anayekuja na ngumi ya kulia kutoka juu, akipiga hatua na mguu huohuo. Watu wengi wanaikariri kwa ajili ya mtihani wa mkanda na hawaoni kwamba inawafundisha wakati: nguvu inatoka kwake, tori anaielekeza tu.

Njia rahisi: mpokeaji atembee mbele hatua tatu, tori arudi nyuma hatua tatu, ya tatu aingie. Halafu tori amvute mwenyewe. Halafu watembee kwa ubavu. Kisha zoezi la watu watatu: mmoja anamshika mpokeaji mkanda kwa nyuma na kumzuia, tori anaingia kwa nguvu zake zote na kumnyanyua visigino. Hapo miguu inajifunza kusukuma.

Mwisho wa kipindi, nagekomi, kutupa kikamilifu, mara 10 hadi 20 juu ya godoro nene. Bila hii mtu anakuwa hodari wa kuingia na mgeni wa kumalizia.

---

Tyubu na Nguzo

Kwa wasio na mwenzao nyumbani: tyubu ya baiskeli. Ikate karibu na valvu, iwe kamba moja ndefu, izungushe nguzo au mti mnene usawa wa kifua chako, shika ncha mbili. Simama mbali kiasi kwamba imekaza kidogo kabla hujaanza, na iwe inavuta kweli unapomaliza kuzunguka. Ikague kila siku: ikionyesha nyufa itupe, maana ikikatika inarudi usoni.

Tyubu ina faida moja ambayo mwenzako hana: haikusaidii. Mkono wa kushoto ukisimama katikati ya mzunguko, unasikia palepale inakurudisha. Fanya 10 kulia, 10 kushoto, seti 4. Upande wa pili hata kama huutumii kwenye shindano unaulinda mgongo usilemee upande mmoja.

Ubaya wake: haina kwapa, haina mapaja. Mtu aliyezoea tyubu tu anasimama mbali mno na mpokeaji wa kweli. Chora chokaa chini, alama mbili za miguu ya mtu wa kufikirika upana wa mabega, na uhakikishe yako inatua ndani yake.

---

Bi Tatami

Kabla hatujaenda mbali, tuseme na upande wa anayetupwa. Mtupo huu unampitisha mtu juu kabisa, na hautakiwi kufanywa kwa mtu asiyejua ukemi, namna ya kuanguka. Kidevu kifuani, macho kwenye fundo la mkanda wake mwenyewe. Mkono wa kushoto unapiga tatami, yaani mkeka wa judo, kwa kiganja na mkono mzima, ukiwa umeachana na mwili kwa nyuzi 30 hadi 45. Ukipanuliwa usawa wa bega, bega ndilo litakalopokea kishindo. Pumzi itoke wakati wa kutua. Miguu isipishane, magoti yasigongane.

Kubwa kuliko yote: asinyooshe mkono kuizuia ardhi. Hapo ndipo viwiko vinapotoka na vifundo vinapovunjika. Mwili unatamani kufanya hivyo, ndiyo sababu mae mawari ukemi, ile ya kubingiria mbele, inarudiwa wiki nyingi kabla ya kutupwa kwa mara ya kwanza.

Mahali nako. Tatami za judo kwa kawaida zina unene wa sentimita 4, na hizo ni za mtu anayejua kuanguka. Dojo, yaani kumbi za mazoezi, zisizo na uwezo zinaweza kutandaza maranda ya mbao unene wa sentimita 20 au zaidi ndani ya fremu ya mbao, juu yake turubai lililokazwa kwa kamba pande zote. Yachambuliwe misumari kwanza, na yageuzwe mara kwa mara kwa sababu yanashindiliwa na kuwa magumu pale watu wanapotua zaidi. Mchanga wa pwani unafaa ukiwa mkavu na umekwatuliwa; ule uliolowa na kushikana baada ya maji kupwa ni kama sakafu.

---

Mkanda Kahawia

Shukrani. Na ile ya kuangukia magoti? Vijana wote wanaitaka hiyo.

---

Nyonga Chini

Wanaitaka kwa sababu inaonekana kumaliza tatizo la kushuka: badala ya kukunja magoti unaangukia. Lakini isiyo na kuzushi inakuacha umepiga magoti mbele ya mtu aliyesimama, mgongo wako wazi kwake.

Ikifanywa sawa, tori anashuka katikati ya miguu ya mpokeaji, ndani kabisa, mkono wa kushoto ukiwa umeshamvuta juu kabla magoti hayajagusa. Vidole vya miguu vimekunjwa, vinakanyaga, ili aweze kusukuma na kuinuka. Anayelaza miguu hana pa kusukumia, anabaki kumburuta mtu mbele. Magoti yatue mepesi. Anayejitupa kwa uzito wote mara 50 kwa kipindi, goti litamdai.

Kwa watoto mimi nakataa, na nchi kadhaa zinaizuia kwa umri mdogo. Sababu yake ni ya umbali: tori akiwa chini sana, mpokeaji hapati nafasi ya kuzunguka hewani, anatangulia kichwa. Mtoto hana shingo ya kuvumilia hilo. Ajifunze ya kusimama miaka ya mwanzo, atakuja kuishusha mwenyewe. Na tori wa umri wowote asitangulize kichwa kwenye tatami ili kupata mzunguko: mashindanoni ni hansoku-make, unatolewa, na inavunja shingo.

---

Mrefu wa Bara

Swali la mtu mrefu. Wote mnasema mkanda chini ya mkanda. Mwenye sentimita 188 dhidi ya mwenye 170 afanyeje?

---

Mshika Ukosi

Mkuu, kimo kinamsaidia mfupi, hilo ni kweli. Isao Okano, bingwa wa Olimpiki wa 1964 katika uzito wa kilo 80, alichukua ubingwa wa Japani usio na mipaka ya uzito mwaka 1967 na 1969, na seoi nage ilikuwa silaha yake kubwa dhidi ya watu wazito kuliko yeye.

Lakini mtazame Toshihiko Koga, dhahabu ya Barcelona 1992 kilo 71. Ippon seoi nage yake ilifanywa akiwa amesimama na miguu imetanuka sana. Upana huo unashusha nyonga bila kuchuchumaa. Kwa mtu mrefu hiyo ni njia. Gharama yake ni mapaja na kasi: miguu ikitanuka kabla mpokeaji hajatoka kwenye mizani, huwezi kuirudisha tena.

Njia ya pili ni seoi otoshi. Unaingia kama kawaida, lakini mguu wa kulia unaunyoosha kukingama mguu wake wa kulia kwa nje, chini ya goti, na unamvuta juu ya mguu huo. Hahitaji kupanda mgongoni. Kwa mrefu naona ndiyo bora, nayo pia inamnasa yule anayezunguka.

---

Kilo 66

Na mpokeaji akishusha nyonga na kukusukuma kiunoni kwa mkono wake wa kushoto, usishindane naye. Ameegemea nyuma. Geuka kurudi kwake, mguu wako wa kulia umnase mguu wake wa kulia kwa ndani, mkono wake ukiwa bado umekwama kwenye kiwiko chako, umwangukie: kouchi makikomi. Mkono usiende kwenye mguu wake, maana kanuni za IJF, shirikisho la judo la kimataifa, zilianza kuzuia kushika chini ya mkanda mwaka 2010.

Kinyume chake pia kinafanya kazi. Anza na ouchi gari, mnase mguu wa kushoto kwa ndani, kweli, kama unayetaka kumaliza hapo. Atauondoa mguu na kusukuma mbele ili asianguke nyuma. Msukumo huo ndio hatua uliyokuwa unaingoja. Ouchi ya uongo haiamshi kitu, naye atasimama tu akikutazama.

---

Mkanda Kahawia

Tutajirekodi kwa simu wiki hii. Kamera ikae wapi?

---

Bi Tatami

Ubavuni, upande wa kulia wa mpokeaji, usawa wa kiuno, mita 3 hivi. Kutoka hapo unaona visigino vyake, pengo la mgongo, na magoti ya tori kwa pamoja. Kisha seti moja kutoka nyuma ya mpokeaji kwa ajili ya miguu. Punguzeni mwendo wa video na muisimamishe pale mguu wa kushoto wa tori unapotua. Hapo mkono wake wa kushoto uwe bado juu, usawa wa macho. Ukiuona umeshuka kifuani, rudini kwenye karatasi za visigino kabla ya kurekebisha kitu kingine.